Mtu wa Bruweti na Mkono wa Shati

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na kwa kuwa nyinyi vijana mlionirithi maikrofoni mnaniuliza kila mara zamani tulikuwa tunafanyaje, nimeona heri niandike kuliko kumweleza kila mmoja peke yake huku chai yangu inapoa. Msitafute humu habari za mshahara wala za vyeo. Katika kazi ya kufasiri filamu kwenye ukumbi wa video hakuna cheo. Kuna kiti cha plastiki kando ya televisheni, na siku nilipoaga mlinipa kiti chenyewe nikibebe nyumbani. Ndicho ninachokalia sasa, na mguu wake mmoja bado una ile kasoro yake.

Kazi nilifundishwa na Tonton Bosongo, mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge. Kabla ya filamu alikuwa amesimama miaka mingi kando ya padri mmoja Mzungu, akigeuza mahubiri ya Kifaransa kuwa Kiswahili na Kilingala. Padri akisema kidogo, Tonton aliongeza. Waumini walitoka kanisani wakisifu padri anavyoyajua maisha yao, na padri alifurahi bila kujua kwa nini. Mtu wa namna hiyo akikutana na televisheni, hahitaji tena kufundishwa.

Siku yangu ya kwanza alikwenda kunywa maji akaniachia maikrofoni. Kwenye picha mwanamke mmoja alikuwa anaingia chumbani. Nikasema, "Sasa anafungua mlango." Ukumbi mzima ukacheka. Tonton akarudi mbio na maji mdomoni, akanifinya mkono.

"Mulango wanauona, mutoto," akaninong'oneza. "Wambie kile hawaone."

Nilishika hilo maisha yangu yote isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo nataka kuwaeleza. Lakini nitafika huko polepole, maana nyinyi mna ugonjwa wa kurukisha picha mbele kwa kidole.

Kwanza vyombo. Mashine ya video ina kichwa, na kichwa hicho hushika uchafu. Wakati wa vita spiriti ya famasi ilikuwa haionekani, kwa hiyo tulisafisha kwa lotoko, ile pombe yetu ya kienyeji, ikidondoshwa kwenye pamba. Iliyobaki Tonton alisafishia koo, akisema nalo ni chombo cha kazi. Kaseti ikilegea tuliikaza kwa kalamu ya bic. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: usisimamishe kaseti, wala usiirudishe nyuma, mahali ambapo watu wanapapenda zaidi. Pale panapopendwa ndipo utepe unapoliwa. Vijana wakipiga kelele "Rudisha! Rudisha!", wewe jifanye kiziwi. Nilitukanwa sana kwa sheria hiyo, na matusi hayo ndiyo yaliyonisaidia baadaye.

Ukumbi ulikuwa wa Maman Kavira, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, aliyeuza sabuni, chumvi na betri kwa jumla. Ukumbi ulikuwa nyuma ya duka lake, kwenye komuni ya Tshopo, hapa Kisangani: kuta za mbao, mabenchi, na jenereta iliyokohoa kuliko wazee. Ilikuwa miaka ile ya vita. Meli za kutoka Kinshasa zilikuwa haziji tena, magari yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta, na kila kitu kilitufikia kwa ndege kutoka mashariki, pamoja na askari wa waasi na wa majeshi ya wageni. Kijana wa Kisangani alikuwa na njia mbili za kula. Ama ashike bunduki, ama ashike baiskeli ya toleka, abebe watu kwenye kiti cha nyuma kutoka komuni moja hadi nyingine. Wa baiskeli ndio waliojaza ukumbi wetu saa za mchana, jua linapokuwa kali na abiria hawapo. Waliegemeza baiskeli zao ukutani hata ukuta ukawa unalalamika.

Mwanzoni walipenda filamu za mateke. Wakitoka humo walirushiana miguu barabarani, na mama zao walikuja dukani kumwambia Maman Kavira kwamba anawafuga majambazi. Kisha, ndani ya katoni ya sabuni, ikaja kaseti isiyo na jalada wala jina. Mwanzo wake, pale yanapoandikwa majina, ulikuwa umekatwa. Hatukujua nani aliitengeneza wala inaitwaje. Vijana wakaiita Mutu wa Bruweti.

Bruweti ni lile toroli la gurudumu moja, na mtu mwenyewe ni Mchina anayelisukuma kupandisha mlima, akivusha watu upande wa pili. Hana nyumba, hana mke, anazeeka kidogo kidogo mbele ya macho yako. Anambeba bibi kizee, anabeba bibi harusi, anabeba maiti ya mtoto na baba yake akitembea kando. Teke halimo hata moja. Nilidhani watalala. Badala yake ukumbi ulinyamaza hata nikaisikia jenereta, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu tuinunue. Nadhani ni lile gurudumu. Kwa mara ya kwanza walimwona shujaa anayetoka jasho kwa kazi kama yao.

Kila abiria anapokuja, Mtu wa Bruweti anafanya jambo moja kabla ya lolote: anavuta mkono wa shati lake hadi kwenye kiganja na kufuta kiti. Hata kama kiti ni safi. Anafuta taratibu, halafu anasimama kando, na abiria anakaa.

Karibu na mwisho anakuja mtu mwenye bunduki, na theluji inaanguka. Mtu wa Bruweti anamfutia kiti kama anavyowafutia wote. Kisha anaonyesha bunduki kwa kidole, anaonyesha chini. Mwenye bunduki anacheka, anakasirika, anazunguka zunguka, mwishowe baridi inamshinda, anailaza bunduki kwenye theluji na kukaa. Bruweti inapanda mlima. Katika tukio lote yule Mchina anasema neno moja fupi, kama mtu anayepiga chafya. Mimi hapo nilimpa maneno haya: "Mi nabebaka mutu. Sibebake bunduki." Sijawahi kujua Kichina, na hakuna aliyewahi kunituhumu kwamba nakijua.

Haikupita muda, mji ukabadilika. Nawaambia nilichokiona. Ukienda kuchukua toleka sokoni, kijana anavuta mkono wa shati, anafuta kiti, anasimama kando. Mabishano ya bei yakapungua, mwendo ukawa wa taratibu. Dieumerci ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikuwa kijana mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana, aliyewahi kupoteza jino lingine kwa ajili ya filamu za mateke. Sasa alitembea kama mzee wa kanisa. Wenziwe walimfuata, na wote walijifunga kitambaa shingoni kama yule Mchina, katika joto la Kisangani, wakiumia kwa hiari yao. Mama zao wakarudi dukani kulalamika tena: mashati mapya yote yameoza mkono wa kulia. Maman Kavira akawauzia sabuni.

Msidhani walikuwa malaika. Walidanganya bado, walikunywa bado, na wengine walichosha kuwasikiliza, maana kila jambo lilikuwa "Mutu wa Bruweti angefanya nini?" hata kuhusu kupika pondu, yaani kisamvu. Lakini kulikuwa na kitu wanachojiheshimia. Vita ilikuwa imewaambia kwamba asiye na bunduki si mtu. Filamu iliwaambia kinyume, na wao wakachagua kuamini filamu.

Hapo ndipo ubaya ulipoingia. Askari walizoea kupanda toleka bure na bunduki zao. Siku moja mbele ya soko, askari mmoja alimwendea Dieumerci. Dieumerci akafuta kiti kwa mkono wa shati. Kisha akaonyesha bunduki, akaonyesha chini, akasema yale maneno yangu, sawasawa, hata kwa sauti yangu. Watu wakacheka. Askari akageukia baiskeli ya pili, na huyo wa pili naye akafuta kiti na kuonyesha chini. Wa tatu vilevile. Askari akapiga filimbi, wenzake wakaja, wakampeleka Dieumerci kwa komanda wao. Adhabu ikatangazwa kabla jua halijafika kichwani: kwa kuwa hataki kubeba bunduki moja, kesho asubuhi ataondoka na kikosi kwenye njia ya Bengamisa, akibeba masanduku ya risasi. Wote tulijua maana yake. Waliochukuliwa kubeba risasi hatukuwa tukiwaona tena.

Vijana wa toleka walinijia ukumbini na baiskeli zao, wakasimama tu. Hawakunilaumu. Walinitazama kama watu wanaosubiri filamu ianze.

Maman Kavira alitoka dukani akijifunga kitambaa kichwani.

"Papa Mikro," akasema, maana ndilo jina walilonipa, "chukua kaseti. Na uvae shati ya mikono murefu."

"Tunaenda kusema nini, maman?"

"Mi niko na sabuni ya kutoa. We uko na mudomo. Tutaona wanataka nini."

Komanda alikuwa anakaa kwenye nyumba moja kubwa karibu na mto, ambayo wenyewe waliikimbia. Nilitegemea jitu la kutisha. Nilimkuta kijana, labda wa umri wa Dieumerci, macho mekundu ya kukosa usingizi, akila kwanga ya muhogo kwa makayabu, samaki wa chumvi. Dieumerci alikuwa amekaa chini ukutani, mikono imefungwa nyuma, na mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa mchafu kama kawaida. Sabuni ya Maman Kavira ilipokelewa ikawekwa pembeni bila asante.

"Ni we unafundisha hawa batoto kukataa baaskari?" komanda akaniuliza.

"Hapana, komanda. Mi nafasiriaka filamu tu."

"Filamu gani?"

Nikamweleza kwa kifupi. Nilipofika kwenye bruweti akaacha kutafuna.

"Ile ya Muchina na bruweti? Ile naijua! Niliiona mara mingi, kwetu, mbele ya kuingia jeshi." Akageuka kwa Dieumerci. "Bon, sasa njo naona we uko muongo. Ule mutu hakukataa bunduki. Mwenye bunduki alitukana mama yake. Wakapigana. Muchina akamupiga mpaka akalia, kisha akamuhurumia, akamubeba. Donc, askari wangu alitukana mama yako?"

"Hapana, komanda," Dieumerci akasema.

"Alors? Ulikataa sababu gani?"

Nikasema, kwa adabu yote niliyonayo, kwamba kwenye filamu hiyo hakuna mahali wanapopigana.

"Kuko!" komanda akapiga meza. "Combat ya hatari. Mufasiri wetu alitusemea yote. Ngumi hapa, ngumi pale."

"Uliiona kwa macho, komanda?"

Alikuwa mtu mkweli, nampa hilo. "Pale picha ilikuwa inaharibikaka," akasema. "Muchina anafuta kiti, kisha mchanga-mchanga kwa televizyo, kisha tunaona wako kwa mulima. Combat tuliisikia tu."

Hapo nikaelewa yote mara moja, na ndugu zangu wa kazi mtaelewa pia. Kule kwao vijana walipiga kelele "Rudisha!", na mwenzangu wa kule, kwa kuwa mpole kuliko mimi, alirudisha. Alirudisha mara nyingi hata utepe ukaliwa pale pale walipopapenda. Kisha watazamaji wapya wakaja, na pale penye mchanga akawajazia ngumi. Simlaumu. Ukiwa na shimo mbele yako na ukumbi umejaa, lazima utupe kitu ndani.

"Komanda," nikasema, "kaseti yetu haina mchanga."

Kisha akaamuru jenereta iwashwe. Walileta televisheni na mashine barazani, na walinzi wakasogea, bunduki mabegani. Niliomba lotoko nikasafisha kichwa cha mashine. Tulianza mbele kidogo ya theluji. Komanda akasema, "Fasiri."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeyasema maneno yale mara nyingi hata ningeweza kuyasema usingizini. Lakini niliwaza: nikisema bunduki, yeye atasema ngumi, na kati ya mdomo wangu na mdomo wa mwenzangu wa mbali, kijana atapelekwa Bengamisa. Safari hii kile ambacho hawakukiona kilikuwa ndani ya picha yenyewe. Nikaufunga mdomo. Ndiyo mara pekee katika kazi yangu yote nilipoacha filamu ipite kavu.

Walitazama. Mtu wa Bruweti akafuta kiti. Akaonyesha bunduki, akaonyesha chini. Mwenye bunduki akacheka, akakasirika, akazunguka. Mlinzi mmoja akanong'ona, "Atamupiga sasa." Hakumpiga. Mwenye bunduki akapiga magoti, akailaza kwenye theluji taratibu kama anayemlaza mtoto mchanga, akaketi kwenye bruweti na kujifunika uso kwa mikono. Bruweti ikapanda. Bunduki ikabaki peke yake kwenye picha, theluji ikaifunika mpaka haikuonekana.

Komanda alisogeza kiti chake karibu na televisheni.

"Rudisha," akasema.

Ndugu zangu, siku hiyo nilirudisha. Nilirudisha tena na tena, kila aliponiamuru, na kila mara nilisikia utepe ukilia ndani ya mashine, na moyo wangu nao. Mwishowe akasema tuzime.

"Kwetu hawakutuonyesha hii," akasema. Hakuwa anasema nasi. Halafu akamtazama Dieumerci. "Na we, ulifikiri askari wangu ataweka bunduki chini, mbele ya soko?"

"Hapana, komanda," Dieumerci akasema. "Ungemufunga."

"Sasa ulimufutia kiti ya nini?"

"Sababu alikuwa amechoka."

Mlinzi mmoja akacheka, komanda akamkata kwa jicho. Kisha akaamuru kamba ikatwe. "Toka. Na usinionyeshe tena ile mkono ya shati yako." Dieumerci akasimama akiyumba. Mimi nikainama kuchukua kaseti, na komanda akaweka kiganja chake juu ya mashine.

"Hii inabaki."

Maman Kavira, ambaye hajawahi kuacha kitu chochote bila kubishana, alinishika kiwiko akanivuta nje.

Kaseti haikurudi. Baadaye majeshi yale ya wageni yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wetu. Tulilala chini ya vitanda mabomu yakipita juu, na yalipotulia nyumba ile ya kando ya mto ilikuwa tupu. Komanda alikwenda wapi, alikufa au yu hai, sijui. Tangu wakati huo nimeulizia kaseti hiyo kwa kila mfanyabiashara aliyeshuka kutoka mashariki. Nyinyi wenyewe mmenitafutia kwenye simu zenu. Bila jina, filamu haitafutiki.

Kabla ya mabomu hayo, ilibaki siku moja ninayoipenda kuliko zote za kazi yangu. Vijana wa toleka walikuja mchana kama kawaida, wakakaa kwenye mabenchi. Nikawaambia kaseti haipo tena.

"Tunajua, Papa Mikro," Dieumerci akasema. "Tukaona heri uisemaka tu."

Nikakaa kwenye kiti changu kando ya televisheni iliyozimwa, nikashika maikrofoni, nikaisema filamu nzima toka bibi kizee wa kwanza. Walitazama kioo cheusi kana kwamba kuna picha. Nilipofika kwenye theluji nilinyamaza, wakanyamaza nami, na nilijua kila mmoja anaiona bunduki ikifunikwa. Tonton Bosongo, akiwa mlangoni, mgonjwa tayari, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa mwisho kwake, na alikufa kabla ya mvua zilizofuata. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu.

Kisha zikaja diski, kisha vile vijiti vyenu vya kumbukumbu ambavyo havihitaji lotoko. Dieumerci alihamia Ubundu, akaoa huko, na hunitumia samaki wa kuchoma kila anapopata mtu wa kumpa. Baiskeli zikapungua, pikipiki zikajaa. Filamu nyingine zikaja na kupita, vijana wakanyoa nywele kama huyu na kutembea kama yule, kisha wakasahau. Nami nilidhani ile yetu imesahaulika pia.

Mwezi uliopita, siku mliyonipa hiki kiti, nilisimama barabarani nacho mkononi, nimechoka, na roho yangu ilikuwa chini. Pikipiki moja ikasimama. Dereva alikuwa kijana mdogo sana, ambaye wakati wa vita hata mama yake alikuwa bado msichana. Aliniuliza nakwenda wapi, tukapatana. Kisha akavuta mkono wa shati lake hadi kwenye kiganja, akafuta kiti cha pikipiki taratibu, na akasimama kando.

Nilishindwa kupanda.

"Nani alikufundisha hiyo?" nikamuuliza.

"Hiyo nini, papa?"

"Kufuta kiti."

Akautazama mkono wake wa shati kama mtu anayeuona leo. "Hakuna mutu alinifundisha. Ni vile tunafanyaka." Akanitazama tena, akashtuka. "Papa, unalia? Mutu amekufa?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna aliyekufa."

Akanipokea kiti changu cha plastiki ili akifunge nyuma, na kabla ya kukifunga, nacho akakifuta.